Nani Aliruka Juu ya Mombasa?

Tulimwacha Mzee Murjan na tonge la pilau likiwa njiani kwenda mdomoni.

Tonge hilo halikufika. Lilisimama hewani karibu na ndevu, na wageni wote waliokaa kwenye mikeka pale uani kwake mtaa wa Lindi, Kibera, wakageuka kumtazama mwanamke mzee aliyesimama mlangoni na kikapu mkononi.

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, mambo ni haya. Tangu Kibera ikiwa bado miti na mashamba ya askari wastaafu, Mzee Murjan amekuwa akisimulia kwamba yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuruka kwa ndege juu ya Mombasa. Anasema ilikuwa mwaka wa nzige, yeye akiwa askari kijana, na mwenye ndege alikuwa Mzungu mmoja, Kapteni Pringle. Sasa, katika mwaka huu wa sabini na sita, kamati moja ya Mombasa inaandaa sherehe ya kukumbuka ndege za zamani. Imemtuma Bwana Obiero aje kumchukua Mzee Murjan, na kesho asubuhi mzee atapandishwa ndege ndogo pale uwanja wa Wilson. Ndiyo maana kukawa na pilau.

Ndipo yule mwanamke akaingia na kusema, "Hii pilau mnampikia nani? Huyu hakupanda ndege. Mwenye alipanda ni mimi."

Mzee Murjan alirudisha tonge kwenye sinia.

"Mama, umepotea," alisema. "Kanisa liko upande ule."

"Sijapotea. Naitwa Nasambu, natoka Kawangware, pale mtaa wa Kongo. Nauza mboga. Nimesikia kwa redio ati kuna mtu wa Kibera ameitwa Mombasa kwa sababu ya ndege ya Kapteni Pringle. Nikasema wacha nikaone huyo mtu. Kumbe ni wewe, Murjan. Umenenepa."

Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka. Akatoka Mabrouka, mke wa Mzee Murjan, gurbaba yake ya sherehe, lile vazi la Kinubi, imefungwa vizuri kiunoni na mwiko ukiwa mkononi. Hakumtazama mumewe. Alimtazama mgeni kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu vya mpira.

"Mume wangu umemjulia wapi?"

"Mombasa."

"Mlikuwa mnafanya nini Mombasa?"

"Mimi nilikuwa yaya kwa rafiki yake Kapteni. Yeye alikuwa analinda ndege isiliwe na mbuzi."

Kinyozi wa jirani alicheka. "Tangu lini mbuzi anakula ndege?"

"Mabawa ya zile za zamani yalikuwa ya kitambaa," alisema kijana aliyekaa kando ya Obiero. Huyu alikuwa Naftaly, rubani aliyeajiriwa kuwapeleka Mombasa, na kwa saa nzima alikuwa hajasema neno kwa sababu ya pilau. "Mbuzi akiachwa na ndege kama hiyo, anaanza na bawa."

Bwana Obiero alijifuta vidole. Alikuwa mtu wa suti na kamati, na tayari alikuwa ametangaza redioni kwamba mtu amepatikana. Mtu mmoja. Wawili walikuwa balaa.

"Tusigombane," alisema. "Nitauliza swali moja kwa kila mtu. Ulipokuwa juu, uliona nini? Mzee, anza wewe."

Mzee Murjan alinyoosha mgongo. Swali hili alikuwa amelijibu maisha yake yote.

"Niliona Mombasa imelala kama samaki kwenye sinia. Niliona Fort Jesus ndogo kama kiberiti. Niliona watu kama mchwa, na kila mchwa ameinua mkono ananipungia. Nikasema, subhanallah, kumbe dunia ni ndogo hivi na watu wanaigombania."

Watoto waliokuwa ukutani walikuwa wakitamka maneno hayo pamoja naye, neno kwa neno. Wageni wakaguna kwa kuridhika. Hilo lilikuwa jibu.

"Na wewe mama?"

"Mimi sikuona kitu," alisema Nasambu.

Kicheko kilizunguka ua mzima. Mzee Murjan alinyoosha mkono tena kuelekea pilau.

"Umeenda juu na hukuona kitu?" aliuliza Obiero.

"Ningeona na nini? Injini ilikuwa mbele yangu, inatema mafuta. Uso wangu wote ulijaa mafuta. Mengine nikameza. Na hayo mafuta ni ya nyonyo, ile dawa Wazungu walikuwa wanapea watoto tumbo likifunga. Tulipotua sikungoja mtu anipongeze. Nilikimbia kwa kichaka."

Wageni walicheka zaidi. Mtu mmoja tu hakucheka. Naftaly alikuwa ameacha kutafuna.

"Injini zingine za zamani zilikuwa zinatumia hayo mafuta," alisema polepole. "Wale marubani walikuwa wanameza, halafu tumbo linawakimbiza siku mbili. Hiyo stori hawaandikangi kwa vitabu, Bwana Obiero. Huyu mama ameijulia wapi?"

Kicheko kilikufa.

Mzee Murjan alihisi macho yamehamia kwake, na macho ya mkewe yalikuwa mazito kuliko ya wengine. Angeweza kusema ukweli pale pale na kuendelea kula. Badala yake alikohoa na kusema kwamba mafuta huenda yalimwagikia upande mmoja tu wa ndege.

Obiero alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Kamati imetayarisha mgeni wa heshima mmoja. Nyinyi ni wazee. Ongeeni. Kesho asubuhi mtaniletea jina moja pale Wilson."

Akaondoka na rubani wake. Nasambu naye akachukua kikapu chake na kwenda zake, hakuonja hata punje.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Mabrouka alikaa kwenye kigoda mbele ya mumewe, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Baba yangu aliniozesha kwako kwa nini?"

"Kwa sababu ya adabu yangu."

"Murjan."

"Kwa sababu niliruka."

Hilo Kibera yote inalijua. Wakati ule kulikuwa na mposaji mwingine, muuza nyama mwenye ng'ombe zake, na Murjan hakuwa na kitu ila kofia nyekundu na hadithi moja. Baba yake Mabrouka alisikiliza ile hadithi, akafikiri, akasema kwamba mtu aliyekwenda mbinguni akarudi akiwa mzima, ni mtu ambaye hatapotea njia ya kurudi nyumbani. Muuza nyama akaondoka na ng'ombe zake.

"Sasa sikiliza," alisema Mabrouka. "Kama hukuruka, basi mimi niliolewa kwa makosa. Na kitu kilichochukuliwa kwa makosa hurudishwa kwa wenyewe."

"Mabrouka, sisi ni wazee. Utarudishwa kwa nani?"

"Ndugu yangu Mahdi ana chumba."

Mzee Murjan alitazama saa yake ukutani, ile iliyokufa zamani. "Naenda msikitini," alisema.

Hakwenda msikitini, msomaji. Alipita nyuma ya msikiti kama mtu anayedaiwa na Mungu, akavuka barabara ya Ngong, akashika njia ya Kawangware kwa miguu. Karibu na Dagoretti Corner ndege moja ya Wilson ilipita juu ya kichwa chake. Kila siku ya maisha yake alikuwa akizipungia mkono ndege hizo, kama fundi anavyomsalimu fundi mwenzake. Leo aliificha mikono ndani ya kanzu.

Alimkuta Nasambu nje ya chumba chake huko Kongo, amekaa kwenye gunia, anachambua mboga ya mrenda. Kando yake kulikuwa na fungu lingine kubwa la kunde ambalo halijaguswa.

"Nilijua utakuja," alisema Nasambu. "Kaa. Shika hizo kunde. Unatoa jani, unaacha kijiti."

"Nasambu, mimi nimekuja kwa maneno."

"Maneno hayashikiwi na mikono. Chambua."

Mzee Murjan alikunja mikono ya kanzu, akachambua. Wanawake wawili waliokuwa wakifua nguo mlango wa pili waliacha kufua.

"Siku ile," alisema kwa sauti ya chini, "wewe unakumbuka vile ilikuwa?"

"Nakumbuka kuliko wewe. Kapteni alikuwa anataka mtu kwa kiti cha mbele, uzito tu, ndege isiinue pua. Akasema, askari, panda. Askari akasema ndiyo bwana. Kapteni akaenda kuvaa kofia yake. Kurudi, askari hayuko."

"Nilikuwa nimeenda kuangalia mbuzi."

"Ulikuwa ndani ya pipa la maji. Nilikuona ukiingia. Mimi nilikuwa nimeleta chai tu. Kapteni akaangalia huku, akaangalia huku, akaona mimi. Akaniinua hivi, kama gunia la mahindi. Nikafungwa mkanda. Birika la chai likabaki kwa nyasi."

Mzee Murjan alichambua kunde kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Na niliporudi kutoka kwa kichaka," aliendelea Nasambu, "nani aliniletea maji? Ni wewe. Nikafikiri huyu kijana ana roho nzuri. Ukaniuliza, ilikuwaje? Ulihisi nini? Upepo ulikuwaje? Ukanikamua kama ndimu. Nami nikakuambia vile nilifikiria mtu angeona kama ana macho. Samaki kwa sinia, ni mimi nilisema hivyo. Ya tumbo tu ndiyo niliona haya kukuambia."

Mzee Murjan hakuinua macho. "Mbona ulinyamaza miaka yote hii?"

"Nilirudi nyumbani Bungoma nikamwambia mama yangu. Mama akafunga mlango, akaniambia hiyo maneno iishie hapa. Akasema hakuna mwanamume ataoa msichana ambaye Mzungu amembeba mpaka juu ya mawingu. Nikaolewa, nikazaa, nikakaa kimya. Sasa mzee wangu amelala kaburini, na mama pia. Nani tena nitamwogopa?"

Mzee Murjan alifikiria jambo hilo. Hadithi ileile, yeye ilimpatia mke, na huyu ingemnyima mume. Alitaka kusema kitu cha kufaa, lakini kilichotoka ni hiki:

"Unataka nini, Nasambu? Sifa? Chukua. Lakini mke wangu ataenda kwa Mahdi."

Nasambu aliacha kuchambua.

"Sifa nitaipika na nini? Mimi nataka kuona. Mtu ameenda juu mara moja kwa maisha yake, na alikuwa na mafuta kwa macho. Kila ndege ikipita hapa Kongo, natoka nje, nasema siku moja, siku moja. Nataka kwenda juu na macho yangu yakiwa wazi. Basi."

Wanawake wa mlango wa pili walikuwa sasa wamekaa chini kabisa.

Halafu Nasambu akatabasamu, na tabasamu hilo Mzee Murjan hakulipenda.

"Tutafanya hivi," alisema. "Nitamwambia yule mtu wa suti tuliruka sote wawili. Mimi asubuhi, wewe jioni. Uongo wako nitaubeba. Lakini wewe nawe utabebwa na ndege. Kesho unapanda. Tukifika juu ya Mombasa, utakuwa umeruka juu ya Mombasa kweli. Haitakuwa uongo tena, itakuwa ukweli umechelewa."

Rangi ilimtoka Mzee Murjan usoni. Kwa juma zima alikuwa amepanga kuugua asubuhi ya safari; hata ugonjwa alikuwa ameshauchagua, mgongo.

"Mgongo wangu," alianza.

"Mgongo wako umetembea kutoka Kibera mpaka hapa."

"Kumbe msikiti umehamia Kongo," ilisema sauti nyuma yao.

Mabrouka alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta wa mabati, gurbaba imejaa vumbi la njia nzima. Alimtazama mumewe, akatazama kunde mapajani mwake. Kwake nyumbani mtu huyu hakuwa amewahi kumenya hata kitunguu.

"Mabrouka, naweza kueleza."

"Sijauliza." Akamgeukia Nasambu. "Hiyo ndege kesho ina viti vingapi?"

"Sijui, mama. Redio ilisema ni ya watu wanne."

"Nami nitakuwa mmoja," alisema Mabrouka. Kisha akachukua kunde kutoka mapajani mwa mumewe, akazitazama. "Ameacha vijiti vyote," alimwambia Nasambu, akakaa chini na kuanza kuchambua upya.

Alikuwa amefika pale saa ngapi? Alikuwa amesikia nini? Mzee Murjan hakuthubutu kuuliza, na usingizi wake wa usiku ule si jambo la kuandika gazetini.

Asubuhi, Wilson, Bwana Obiero aliwaona watu watatu wakija badala ya mmoja. Alisikiliza maelezo ya asubuhi na jioni, akaona yanafaa sana. Wawili wa kwanza ni wengi kuliko mmoja wa kwanza, na kamati itafurahi. Tatizo lilikuwa Mabrouka.

"Mama, kiti kilichobaki ni changu. Mimi ndiye mwakilishi wa kamati."

"Mume wangu hajawahi kusafiri na mwanamke mwingine nikiwa nimebaki nyumbani," alisema Mabrouka. "Sitaanza leo. Wewe bado kijana. Kuna treni."

Obiero alimtazama Naftaly apate msaada. Naftaly alikuwa akikagua gurudumu.

"Treni ni poa, Bwana Obiero," alisema akiwa bado ameinama. "Unakula chakula ya maana njiani."

Ndivyo mwakilishi wa kamati alivyobaki kwenye nyasi ameshika mkoba wake, na ndivyo Mzee Murjan alivyojikuta kwenye kiti cha mbele, kando ya rubani, kwa sababu Mabrouka alikataa katakata akae nyuma na Nasambu. Mbele yake kulikuwa na saa nyingi ndogondogo na usukani mwingine uliofanana na ule wa Naftaly.

"Huu ni wa nini?" aliuliza.

"Ni wa pili. Ya kwanza ikikataa," alisema Naftaly. "Usiiguse tu, mzee."

Mzee Murjan aliikalia mikono yake, akafumba macho.

Ndege ilikimbia, ikaruka kidogo, ikakimbia tena, halafu ikaacha ardhi. Nyuma yake alimsikia Nasambu akisema kwa sauti kubwa kushinda injini, "Hiyo ni Kibera. Mabati yote yanang'aa. Mama Mabrouka, ona, nguo kwa kamba. Na kule? Kule ni kwetu? Kawangware ni hiyo tu? Na vile kodi iko juu." Kisha akanyamaza, na baadaye kidogo akapiga chafya kama mtu anayeficha kilio.

Mzee Murjan alikuwa akisoma kila dua aliyoijua, na alipozimaliza alianza tena kutoka mwanzo. Walikuwa wamepita Athi River alipohisi kidole kikimgonga begani.

"Fungua macho," alisema Mabrouka, mdomo wake ukiwa sikioni mwa mumewe.

"Nimefungua."

"Murjan, nilifika Kongo kabla ya ile habari ya pipa."

Mzee Murjan alifungua macho kwa hofu ya jambo kubwa zaidi ya kuanguka.

"Mabrouka, nisamehe. Nilitaka..."

"Nyamaza. Nilijua tangu juma la harusi. Uliota, ukalia, ukasema, nitoeni kwenye pipa, nitoeni kwenye pipa. Mtu aliyeruka haoti pipa."

"Ulijua? Na hukumwambia baba yako?"

"Ili amwite tena muuza nyama na ng'ombe zake? Yule mtu alikuwa ananuka mafuta ya kondoo. Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla hujafungua mdomo. Baba ndiye aliyehitaji hadithi."

Naftaly alitazama mbele kwa makini sana, mabega yakimtetemeka.

"Basi jana," alisema Mzee Murjan, "ile habari ya Mahdi na chumba?"

"Nilitaka utembee mpaka Kawangware. Daktari amekuambia utembee, unakataa."

Mzee Murjan alipogeuza uso mbele, ulimwengu ulikuwa umejaa kioo chote: tambarare ya hudhurungi, mto mwembamba kama uzi uliosahauliwa, kivuli cha ndege yao kikikimbia juu ya miiba bila kuchomwa. Hakufumba macho tena. Na Naftaly alipoizungusha ndege polepole juu ya kisiwa cha Mombasa, Mzee Murjan aliinama mpaka pua ikagusa kioo.

"Haifanani na samaki," alisema.

"Nilikuambia sikuona kitu," alijibu Nasambu kutoka nyuma. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Sasa, msomaji, kama mtu huyu angekuwa na akili angeteremka kimya, akala biriani ya kamati na kurudi nyumbani na mkewe. Lakini uwanjani kulikuwa na bendi, viti vyenye vivuli, waandishi wa habari, na Bwana Wabwire wa kamati aliyekuwa na kipaza sauti. Na Mzee Murjan alipokiona kipaza sauti, yale mapatano ya Kongo yakayeyuka kama siagi.

"Sikufumba macho hata mara moja," alitangaza. "Kama vile mwaka wa nzige. Upepo ulinipiga hapa na hapa, nikasimama imara. Huyu mama alipanda pia, baadaye, kidogo."

Nasambu alimtazama. Alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Lakini kando yake kulikuwa na mtu ambaye alitunza siri tangu juma la harusi, na akaona leo imetunzwa vya kutosha.

Mabrouka alimpokonya Wabwire kipaza sauti.

"Aliyeruka ni huyu mama Nasambu peke yake," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote za uwanja. "Mume wangu alikuwa ndani ya pipa la maji."

Mombasa ni mji wa watu wastaarabu. Walijizuia kadiri walivyoweza, na hawakuweza. Kicheko kilianzia kwenye viti vya mbele, kikafika kwa bendi, na mpiga tarumbeta akatoa mlio ambao haukuwa kwenye wimbo. Wabwire alimvika Nasambu shada la maua, watu wakasimama kumpigia makofi, naye akasimama katikati akiwa ameshika kikapu chake cha Kawangware, amenyooka, hajui atazame wapi.

Mzee Murjan naye alipiga makofi. Aliyapiga kwa dhati. Lakini watoto wa Mombasa walikuwa tayari wameanza kumwita Mzee Pipa, na jina kama hilo hupanda treni usiku na kufika Kibera kabla ya mwenyewe.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na ndege kuukuu ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, ya kitambaa, iliyofufuliwa na mafundi wa kamati kwa ajili ya sherehe. Kiti cha mbele kilikuwa wazi.

"Ile inaruka?" Mzee Murjan alimuuliza Wabwire.

"Inaruka sasa hivi, mzee. Kiti ni cha mgeni wa heshima, lakini Mama Nasambu amesema anataka kutembea aone mji kwa miguu."

Mzee Murjan alivua kofia yake, akamkabidhi mkewe. "Nishikie," alisema.

"Unaenda wapi?"

"Juu."

Mabrouka alifungua mdomo kumzuia, kisha akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mtu huyu alikuwa anatembea kuelekea kwenye ndege kwa hiari yake.

Akapanda mwenyewe. Wakamvika miwani ya upepo na kofia ya ngozi, wakampa mpira wa kusemea, mrefu kama bomba, maana rubani hukaa nyuma. Pangaboi la mbele likazungushwa, injini ikanguruma, watu wakawa madoa. Magurudumu yalipoacha nyasi alisikia sauti ya rubani ikija kwa ule mpira, sauti ya mwanamke, ya Kimombasa safi.

"Hujambo, mzee. Wamekwambia mchezo wa leo?"

"Mchezo gani, binti?"

"Tukifika juu ya watu twageuka, kichwa chini, miguu juu. Ndiyo wanayoingojea. Wewe angalia mkanda tu, uwe umekaza."

Mzee Murjan alipapasa kiunoni. Aliupata mkanda, ncha moja. Akapapasa upande wa pili, chini ya kiti, nyuma ya mgongo. Kisha akainua macho akaiona ncha ya pili: ilikuwa nje, inapigapiga ubavu wa ndege kwa upepo.

Alichukua mpira ili aseme. Na pua ya ndege ikaanza kuinuka.